Nani Kaua Viwavi?

Wenzake walifuga kuku. Yeye alifuga viwavi, tena kwa mshahara. Mtaani walimwita Mama Viwavi, naye akaitika bila kinyongo. Kituo cha utafiti kilimwajiri awalee wadudu hao walao mahindi, ili wataalamu wasikose wa kuwafanyia majaribio. Majani ya kituo yakipungua, alichuma ya shambani kwake, na hakuchoka kujisifia kwamba hayajaguswa na tone la dawa.

Asubuhi moja aliwakuta wamepanda hadi ukingoni mwa ndoo, wananing'inia vichwa chini, miili imelegea kama uji. Kesho yake wakafa wengine. Mkuu wa kituo akamwambia wazi kwamba wakiendelea kufa, atatafuta mlezi mwingine.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaanza kumchunguza mfagizi wa chumba cha viwavi. Mfagizi huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na kazi alimtafutia yeye mwenyewe. Sasa kila alichofanya kilimtia shaka. Mbona anafagia huku anapiga mluzi? Mbona anatoka haraka hivyo? Siku aliponusa dawa ya mbu kwenye koti lake, akaona mwizi kashikwa na ngozi.

"Shemeji, koti lako linanuka dawa. Umewapulizia wadudu wangu."

"Ili nipate nini? Hiyo ya nyumbani, mbu wanatumaliza."

"Nani mwingine anaingia humu?"

"Si wewe?"

Ujeuri huo ulimchoma. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu, na kabla ya adhuhuri shemeji alikuwa hana kazi. Viwavi wakaendelea kufa.

Ndipo mtaalamu wa virusi alipomsaga mmoja na kumtazama kwa hadubini. Sumu hakuiona. Aliona kirusi, tena kipya, ambacho hakuna aliyewahi kukiandika. Huenda siku moja kikayalinda mahindi bila dawa. Alifurahi hadi akasahau chai yake.

"Hukaa kwenye majani," alisema. "Haya yanatoka wapi?"

Mama Viwavi alitazama kapu lake la majani ya shambani. Aibu ilimshika, lakini alisema yote.

Jioni alibisha hodi kwa shemeji yake.

"Mkuu kasema urudi kesho. Kosa lilikuwa langu."

Shemeji alimimina chai, akapiga funda moja kwenye kikombe cha mgeni, kisha akamsogezea.

"Kunywa, shemeji. Haina dawa."