Perl yangu iliita foleni nzima wezi wa mbegu, isipokuwa mwenyekiti

Salamu wakuu. Hii ilinitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na aibu ni yangu.

Nimezurura sana: Mai Mahiu nikiziba pancha za malori, Lanet nikiuza simu. Perl, lugha ya kuandikia programu, nilijifunzia kwenye cyber moja ya Nakuru, enzi za kulipia kwa dakika. Nazimiss siku hizo.

Majuzi kikundi cha wakulima wa viazi huko Kuresoi kiliniita nirekebishe script, programu ndogo niliyowaandikia ya kugawa mbegu. Ilikuwa inalinganisha namba za vitambulisho ili mtu asichukue mara mbili. Msimu uliopita haikukosea hata mara moja.

Lakini nani hubeba kitambulisho shambani? Mwenyekiti akasema, "Weka majina, boss. Hapa tunajuana."

Nikaweka majina. Perl ikaanza kumwaga warnings, yaani maonyo. Nikafuta laini ya "use warnings", ile inayoyawasha, nipate amani. Chekeni tu.

Siku ya kugawa, mwenyekiti alihudumiwa wa kwanza, kama kawaida ya wenyeviti. Wa pili alikuwa Mama Cherono, shamba tayari limelimwa, mvua inanukia. Skrini ikaandika: AMESHACHUKUA.

"Mathe, wewe ni mwizi! Kompyuta haidanganyi!" mwenyekiti akapaza sauti.

Wa tatu: AMESHACHUKUA.

Wa nne, pasta: AMESHACHUKUA.

Yaani kijiji kizima wezi, mwaminifu ni mmoja tu, yule mwenyekiti mwenye kitambi.

Nikaprint majina yote. Hakuna nafasi wala herufi ya ziada. Mwisho nikarudisha ile laini niliyofuta, na Perl ikanijibu papo hapo: hili jina si namba.

Wakuu, nilikuwa nimeacha alama ya == ya enzi za vitambulisho. Hiyo hulinganisha namba. Ukiipa jina, Perl hulichukua kama sifuri, kwa hivyo kila jina lilikuwa sawa na la mwenyekiti. Nikaweka eq, ambayo ni ya maneno. Foleni ikaanza upya, Mama Cherono mbele.

"Pole mathe, kompyuta ilikosea," mwenyekiti akanong'ona.

Mama Cherono hakugusa gunia lake la mbegu. "Kompyuta iliandika nimechukua. Mwizi uliniita wewe."

Akasimama pale pale, foleni nzima nyuma yake, mpaka mwenyekiti akaomba msamaha kwa sauti ile ile aliyomtukania.

Funzo: ukibadilisha data, angalia tena unailinganisha vipi. Na ukinyamazisha warnings, kuna mtu asiye na kosa atakayeaibika kwa niaba yako.

Bug gani imewahi kukuvua nguo hadharani? Wenye degree pia karibuni, najua mmefuta ile laini.