Shamba Lililopendeza Mno

Kabla hajaitwa Mama Mashimo, alikuwa mke wa fundi baiskeli. Fundi alipofariki alimwachia binti mmoja, nyumba ya vyumba viwili, na kipande cha shamba kwenye mteremko ambacho hata mbuzi walikipita bila kugeuza shingo. Udongo wake ulikuwa umekazana kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka mbio hadi barabarani yakiwa yamebeba samadi na mbegu, naye akibaki kutazama jasho lake likienda na mtaro.

Mwaka wa pili wa ujane wake walikuja watafiti. Walitaka kujua kwa nini wakulima wadogo wengine hushika kilimo cha kutunza udongo na wengine hukiacha njiani. Wakaandikisha kaya, wakapiga kura, ikaliangukia kundi lake kufundishwa. Siku tatu nzima bibi shamba aliwaonyesha: usitifue shamba lote, chimba mashimo ya kupandia wakati wa kiangazi, tia samadi, funika kwa mabua ya mwaka jana, na kiberiti kikae jikoni. Wenzake kumi na wawili waliitikia vizuri, wakala chakula cha mafunzo, wakarudi kwenye kilimo chao kilekile. Yeye alichimba.

Alichimba miezi miwili na nusu. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu. Usiku haukupita bila mama mkwe wake, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, kuja kumkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Binti naye akitoka shule alibeba samadi kwa karai kutoka kwa wenye ng'ombe. Wapita njia wakapata pa kusimama.

"Jirani, hayo makaburi ni ya panya?" aliuliza muuza mkaa.

"Ni ya wenye kuuliza," alijibu bila kuinua mgongo. "Lako ni lile la mwisho, nimeliongeza urefu."

Jina la Mama Mashimo likaanzia hapo.

Msimu wa kwanza hakuvuna cha ajabu. Wa pili mvua zilikatika mapema, mahindi ya mteremko mzima yakajikunja majani kama sigara, yake yakasimama. Alipata magunia kumi na moja pale ambapo marehemu hakuwahi kuvuka manne. Watafiti wakaleta wageni kwa magari mawili, wakapiga picha, wakasimika kibao cha bati: SHAMBA LA MFANO. Siku hiyo alicheka kwa sauti mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka binti akamvuta kanga na kumwambia, "Mama, watu wanatuangalia."

Walikuwa wakiangalia kweli. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, na jiwe la kwanza lilitoka nyumbani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa na duka la vipuri mjini na hakuwa amekanyaga mteremko ule tangu siku ya kuzika. Sasa alikuja Jumapili mbili mfululizo, akatembea kati ya mashimo, mikono nyuma kama mkaguzi. Jumapili ya tatu akaitisha kikao kwa mama yake.

Walikaa sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufumwa, chai ikipoa vikombeni.

"Shemeji, hakuna anayekufukuza," alianza. "Nyumba ni yako. Ila shamba ni la ukoo, na kaka hakuacha mtoto wa kiume. Mimi nimechoka na mji, nataka kulima."

"Mbona hukuchoka nao shamba lilipokuwa jangwa?"

"Tusifike huko. Tumekutengea kipande kule kwenye machimbo ya kokoto."

"Kule hata magugu hayaoti!"

"Si wewe ndiye mtaalamu? Si wageni wanakuja kukupiga picha? Kafufue na hicho."

Wajomba zake wawili waliokuwa kikaoni wakacheka. Yeye akamgeukia mama mkwe, mtu aliyevijua viganja vyake kuliko daktari. Bibi kizee akainamia kikombe. Chumba alichokuwa akilala, dawa zake za presha, unga wake, vyote vilitoka mfukoni mwa huyo mwanawe.

"Watoto, msigombane," alisema. Akaipuliza chai iliyokwisha kupoa.

Kesho yake Mama Mashimo alikwenda ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji na karatasi pekee aliyokuwa nayo. Mwenyekiti akaisoma mpaka chini, akairudisha taratibu.

"Hiki ni cheti cha mafunzo, mama. Cha shamba kiko wapi?"

Wiki hiyo shemeji alikodi trekta. Yeye alikuwa uani akifua aliposikia mngurumo. Mabua yaliyofunika ardhi yakakusanywa na kuchomwa, kisha jembe la trekta likapita, na kabla ya saa sita mchana mashimo yote mia nane yalikuwa yamefukiwa. Aliendelea kukamua nguo ileile iliyokwisha kukauka hadi binti akaitoa mkononi mwake. Mahindi hayakumliza. Kilichomliza ni minyoo ya ardhini, ile irutubishayo shamba. Mwaka ule ndio kwanza ilikuwa imeanza kurudi kwenye udongo.

Mdodosaji wa utafiti, msichana ambaye kila mwaka alikuja na kishikwambi chake, alimkuta akiwa ameshahamishia jembe machimboni. Wakaketi kwenye mkeka.

"Mama, msimu huu umetumia mashimo ya kupandia?"

"Hapana."

"Na kufunika udongo kwa mabua?"

"Hapana."

Msichana akainua macho. "Wewe, mama?"

"Andika tu, mwanangu."

"Hiki kinanidai sababu. Nakusomea, uchague. Sikuwa na watu wa kunisaidia. Sikuwa na samadi. Sikuelewa mafunzo. Sikuona faida."

"Faida niliiona. Tatizo hata shemeji yangu aliiona."

Akamsimulia yote. Msichana aliacha kugusa kioo. Mwisho akasema kwa upole, "Lakini hata huku ukichimba, baada ya misimu miwili mitatu..."

"Nalijua hilo kuliko hicho kishikwambi chako. Nikichimba patapendeza. Pakipendeza, atatokea mwingine aliyechoka na mji. Acha pabaki pabaya, pawe pangu."

Chini kabisa ya orodha palikuwa na nafasi ya "nyingine, taja". Msichana akaandika pale kuwa shamba lilichukuliwa na ndugu. Ofisini, aliyepanga takwimu aliona majibu ya aina hiyo hayafiki hata kumi, akayafungasha pamoja na mengine. Katika ripoti, Mama Mashimo akahesabiwa miongoni mwa walioacha.

Muuza mkaa akahesabiwa miongoni mwa walioshika. Ukame wa ule msimu wa pili ulikuwa umemfundisha, naye na majirani wengine wanne, ila migongo yao haikutaka kuinama. Wakamwita Mama Mashimo awachimbie kwa kibarua, debe la mahindi kwa kila mashimo hamsini. Binti, aliyeshindwa kuendelea na shule, alichimba mstari wa pembeni yake. Kwao wenyewe, machimboni, walikwaruza juujuu wakapanda, wakavuna mahindi ya kujaza ndoo mbili.

Shemeji alivuna magunia matano, kisha mawili. Mwaka wa tatu akasema kilimo hakina maana, akawakodishia shamba wafyatua matofali na kurudi kwenye vipuri vyake. Wakauchimbua udongo mweusi wote, wakaufinyanga na kuuchoma tanuruni. Matofali ya udongo ule yalisifiwa kwa ubora.

Siku moja mama mkwe alijikongoja na mkongojo wake hadi shambani kwa muuza mkaa. Akaketi juu ya gunia tupu, akamtazama Mama Mashimo akichimba kwa muda mrefu.

"Mwanangu, siku ile ningesema."

"Ungesema, mama."

"Ningelala wapi?"

Hata yeye hakupajua. Akamaliza shimo alilokuwa nalo, akamwinua kwa kwapa, akamshika mkono kumteremsha taratibu maana njia ilikuwa na kokoto za kuteleza. Alipomfikisha mlangoni akarudi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mistari mitatu ya mashimo ya watu ilikuwa bado kuchimbwa.