Mkono Mmoja Kwenye Mgongo wa Lukasi

Mpingo ukichongwa hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Imo pilipili manga ndani yake, na moshi kidogo, na vumbi lake jeusi likikuingia puani hukaa humo mpaka kesho yake. Juzi nilipita karibu na banda la wachongaji, harufu ile ikanikamata, na mguu wangu wa kulia ukaanza kutetemeka. Si mwili wote. Mguu wa kulia tu.

Nyie mnaosoma niwaambie mapema kwamba mguu huo una kesi, na kesi hiyo nimeificha kwa miaka kumi. Kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti makuukuu ambayo mama alifungia vitumbua, na kila nikishika kalamu naogopa kukosea. Karatasi hii nimeichana mara sita. Safari hii nitaiacha ilivyo.

Tulikaa Kurasini, miaka ya vita vya Wazungu. Baba yangu alikuwa kuli gatini. Siku moja mabaharia wa Kimarekani waliteremka melini na kucheza kwenye mchanga nyuma ya mabanda ya makuli. Mpira wao haukuwa wa duara. Ulikuwa na umbo la yai, wa ngozi, na hawakuupiga teke. Mmoja aliukumbatia akakimbia nao, huku wenzake na maadui zake wakiangushana kama watu waliofumaniana. Kabla ya kila mkimbio waliinamisha vichwa pamoja na kunong'ona. Sisi watoto tulioketi juu ya magunia tukaelewa mara moja: wanaomba dua.

Nilimwangalia sana baharia mmoja, mweusi kama sisi, mrefu, mwenye shingo nyembamba. Wenzake wakipewa mpira walitimka. Yeye akipewa, alitembea. Aliweka kiganja kwenye mgongo wa mwenzake wa mbele, akaenda polepole, akichungulia huku na huku kama mgeni anayetafuta nyumba ya mwenyeji wake. Watu waligongana mbele yake, jasho na mate vikaruka, naye bado anatafuta nyumba. Halafu mlango ukafunguka mahali ambapo mie sikuuona, na tulipopepesa macho alikuwa ameshafika upande wa pili.

Walipoondoka walituachia mpira, na sisi tukauchukua mchezo mzima pamoja na dua yake. Kabla ya kila mkimbio tuliinamisha vichwa. Waislamu tulisoma Alhamdu mbiombio, na watoto wa Kikristo kutoka kusini wakasema Baba Yetu, ambayo ni ndefu zaidi, ikabidi tuwasubiri. Kisha wote kwa pamoja, amina, na tukaanza kutoana meno. Nasema meno kwa maana ya meno. Nyuma ya mabanda palikuwa na kopo la samli ambamo tuliyaweka, na wadogo zetu walilipa pesa za kuchezea ili kuyatazama.

Kila mbebaji wa mpira alikuwa na mbio zake. Shabani wa Keko, mtaa wa wapinzani wetu, aliyeitwa Roli, alikimbia kichwa chini, moja kwa moja, na kama hapakuwa na mtu wa kugonga alipinda njia akamtafute. Ndiye pekee aliyevaa viatu, makatambuga ya tairi, na yakikukanyaga yalikuachia alama za tairi kwenye ngozi. Mimi niliitwa Cheche. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, na mbio zangu zilikuwa za woga. Niliposhika mpira nilihisi kama nimeiba kitu. Nilitaka yaishe, yaishe upesi, na yaishe bila kasoro, na hayo mawili hayakai pamoja.

Aliyenifungulia njia alikuwa Lukasi. Mtu wa kazi hiyo tulimwita mfyekaji, kwa kuwa alitangulia na kufyeka watu. Lukasi alikuwa na miaka kumi na minne, Mmakonde, kifua kama mlango. Baba yake, Mzee Nandonde, mchana alikuwa kuli kama baba yangu, na jioni alichonga mpingo uani kwake. Alishasema mbele ya watu kwamba mkono wa kijana wake ulikuwa umeupita wake mwenyewe, jambo ambalo baba zetu hawakuwa na desturi ya kulisema. Mchezo wetu hakuupenda.

"Ukivunja mguu, utachechemea," alimwambia Lukasi siku moja nikiwa nimesimama palepale. "Ukivunja mkono, umenizika mimi na babu yako."

Lukasi hakuacha mchezo, lakini alimtii baba yake kwa namna yake. Alifyeka huku amekunja mikono kifuani, viganja vimefichwa kwapani, akigonga kwa mabega tu. Watu wa Keko walimcheka. "Mwenzenu anaona baridi!" walipiga kelele. Baada ya mkimbio wa kwanza wachache waliendelea kucheka.

Ndiye aliyenifundisha kutembea. Aliniambia niweke mkono mmoja mgongoni kwake, nisisukume, niweke tu, nisikilize. Tukienda, alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Bado. Bado. Bado." Kisha, "Sasa!" na bega lake likainama upande mmoja, nami nikapita upande wa pili, na kweli njia ilikuwepo. Ilifanya kazi kila mara, na kila mara niliichukia ile bado yake. Mgongo wake ulikuwa ukipigwa, niliusikia ukipigwa chini ya kiganja changu, mapigo yakinipanda mpaka begani, na yeye bado anasema bado. Niliona ananichelewesha. Nilidhani anafurahia kunitawala.

Siku tuliyocheza na Keko ilikuwa ya jua kali. Tulikubaliana kwamba atakayeshinda ataondoka na mpira, moja kwa moja, na kwa hiyo watoto walikuja na roho nyingine. Kabla ya alasiri kijana mmoja wetu alikuwa amelala kivulini akitapika. Roli alinigonga kwa paji la uso, mdomo wangu ukapasuka, na damu ilikuwa na ladha ya msumari. Mchanga ulinaswa humo. Tulikuwa sawasawa, na ukabaki mkimbio mmoja.

Tuliinamisha vichwa. Alhamdu. Baba Yetu. Amina.

Nikapokea mpira, nikaweka mkono mgongoni kwa Lukasi.

"Bado," alisema.

Watu watatu walimgonga pamoja. Nikasikia pumzi ikimtoka.

"Bado, Cheche."

Roli alikuwa anakuja kutoka kulia, kichwa chini. Niliona upenyo kushoto, mwembamba kama ule wa mlango uliofungwa vibaya. Nikaona utafungwa. Nikajiona nimeshindwa mbele ya watu wote wa Kurasini, mie niliyeharibu, mie mwenye kosa. Sikungoja. Nilimsukuma Lukasi mgongoni kwa nguvu zangu zote ili anipishe.

Mtu aliyekunja mikono akisukumwa kutoka nyuma hufanya jambo moja tu. Aliikunjua. Alianguka mbele, viganja vikatangulia mchangani, na mguu wangu wa kulia, ambao tayari ulikuwa hewani, ukashuka juu ya mkono wake wa kulia. Nilisikia kwenye unyayo. Ilikuwa kama kukanyaga kifuu cha nazi. Sikusimama. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo nilipochana karatasi zile sita: nilijua ni nini, na nilikimbia. Nilivuka mstari wa majivu tuliouchora mwisho wa uwanja, nikainua mpira, na kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Kurasini.

Nilipogeuka, Lukasi alikuwa amepiga magoti ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba ndege. Vidole viwili vilitazama kusikostahili. Karibu yake, juu ya rundo la watu, Roli alikuwa ndiyo kwanza anainuka.

"Roli kamkanyaga!" mtu alipiga kelele. "Kamvunja mkono kwa makatambuga yake!"

"Si mie! Wallahi si mie!" alisema Roli.

Watoto wa kwetu hawakumsikiliza. Walikuwa kama kumi. Walimpiga kwa ngumi, kwa mateke, kwa vipande vya makuti, na mmoja alimvua katambuga akampiga nalo usoni. Alilia, "Si mie, si mie," mpaka midomo ikakataa kutamka. Meno yake manne ya mbele yalibaki mchangani. Hakuna aliyeyapeleka kwenye kopo. Mimi nilisimama nje ya mstari wa majivu na mpira kifuani, na ulimi wangu ulilala kinywani kama kitu cha mtu mwingine.

Siku ya tatu Mzee Nandonde alikuja kwetu. Alikuwa ameshika tezo, lile shoka dogo la kuchongea, na mama alipomwona alichukua mchi wa kinu akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba," nilisema nyuma ya mama, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka mitatu.

Hakuitikia. "Nani alikuwa na mpira?" aliuliza.

"Mimi, baba."

"Basi mkono wa mwanangu ulikuwa unafanya kazi yako. Sasa wako utafanya ya kwake. Njoo."

Mama aliteremsha mchi. Nadhani alihofia nitauawa, na alipoona ni kazi tu, alinisukuma nje mwenyewe.

Mzee wa kuunga mifupa alikuwa ameufunga mkono wa Lukasi kwa vipande vya mianzi. Kila jioni, kwa miezi mingi, nilikaa uani kwao nikishika patasi juu ya gogo la mpingo, na Lukasi akaigonga kwa nyundo ya mti kwa mkono wa kushoto, mkono usiojua kitu. Aliikosa patasi mara nyingi sana. Kucha zangu tatu zilikuwa nyeusi kama gogo lenyewe, na moja ikang'oka. Mzee alinipiga kichwani kwa kifundo cha kidole kila nilipofumba macho. Nakiri kwamba sikuona uchungu kama inavyostahili. Kila nyundo iliyoniangukia niliihesabu kama malipo, na nilifanya hesabu yangu peke yangu, bila kumwambia ninayemlipa.

Na Lukasi, kabla ya kila pigo, akitafuta pembe sahihi, alinong'ona, "Bado. Bado. Sasa." Nilijifunza kukaa tuli ndani ya ile bado. Nilijifunza kwamba humo ndani kuna mtu anatazama kitu ambacho wewe huwezi kukiona.

Mianzi ilipofunguliwa, vidole viwili havikukunjika tena. Mzee alivitazama, akavishika kimoja kimoja, akaingia ndani. Kuanzia siku ile hakuchonga. Zana zote alimwachia Lukasi na mkono wake wa kushoto.

Juzi basi, mguu ukitetemeka, niliifuata ile harufu mpaka ndani ya banda. Lukasi alikuwa amekaa chini, mtu mzima sasa, gogo amelibana kwa miguu, patasi ameifunga kwenye kile kiganja kibovu kwa ukanda wa mpira, nyundo mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeyaandika maneno ya kumwambia, nimeyasahihisha, nimeyakariri. Nilianza kuyamwaga mlangoni kabla hata ya salamu.

"Bado," alisema bila kuinua macho.

Aligonga mara nne. Alipuliza vumbi, akaangalia alichofanya, akaweka nyundo chini.

"Haya. Sasa."

Nikamwambia. Nilivyosukuma, nilivyokanyaga, nilivyosikia. Nilivyonyamaza Roli akipigwa. Maneno yangu mazuri yalipotea yote na yaliyotoka yalikuwa mafupi.

Lukasi alinyoosha ule mkono mbele ya uso wangu. "Roli alikuwa na tairi," alisema. "Umewahi kuona alama ya tairi hapa? Nilikanyagwa na mguu mtupu, Cheche. Mdogo."

"Ulijua?"

"Tangu palepale mchangani. Niliwaambia wamwache Roli. Kwa kelele zile nani angenisikia?"

"Na miezi yote ile mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe." Alifikiri kidogo, akacheka kwa pua. "Zile kucha zako, nyingine nilikuwa nazipiga makusudi."

Nilipokuwa mtoto nilidhani subira ni kazi ya mwenye mpira: atulie, achungulie, ateue njia. Yule baharia mrefu niliyemwangalia sana, nilimwangalia yeye peke yake. Sikumtazama hata mara moja yule aliyekuwa mbele yake, aliyepigwa kifuani ili mwenzake apate nafasi ya kutembea. Sijui hata alikuwa na sura gani.

"Kwangu umemaliza," Lukasi alisema akichukua tena nyundo. "Roli yuko Keko bado, nyumba ya pili baada ya kisima. Mie si yeye."

Nilikwenda mchana uleule. Njia nzima miguu ilitaka kukimbia, kwenda au kurudi, haikujali, na nikaizuia, nikatembea. Nyumba ya pili baada ya kisima ilikuwa na mlango wa bati. Ndani mwanamume alikuwa akizungumza na mtoto, na maneno yake yalitoka na upepo, kama ya mtu asiye na meno ya mbele. Nilipiga hodi. Mazungumzo yakakatika. Nilipiga ya pili, na ya tatu, kisha nikateremsha mkono, nikasimama mahali ambapo akifungua angeniona mwili mzima, na nikangoja.