Chafya na Mteja Aliyenukia Mno

Mtaani hakuna anayemwita mpelelezi. Wanamwita Chafya. Watoto wanamwita hivyo, muuza duka anamwita hivyo, hata mama yake mzazi, aliyempa jina zuri kabisa la bibi yake, siku hizi naye anamwita Chafya tu.

Jina lilimnasa kwenye kazi ya kwanza. Alikuwa amejibanza stoo, nyuma ya magunia ya unga, anamvizia mfanyakazi mwizi. Jamaa akaingia, akajitwika kiroba, na dada yetu akapiga chafya iliyotikisa mabati. Mwizi, mtu na adabu zake, akageuka: "Afya, dada!" Akaenda zake na kiroba. Chafya alipofika nyumbani, mdogo wake kinyozi alikuwa tayari anawaigizia wateja, mashine ya kunyolea mkononi. Imekwisha hiyo.

Ofisi yake iko juu ya saluni ya kinyozi huyohuyo: meza, viti viwili vya plastiki, feni inayozunguka ikijisikia. Msimkuze, hakimbizani na majambazi. Anatafuta watu waliohama, waliopotezana, walionuna wakazima simu. Na ana utaratibu wake: akimpata mtu, anamuuliza yeye kwanza, "Unatafutwa. Unataka kupatikana?" Mtu akikataa, mteja anaambiwa hajaonekana. Basi.

Sasa akaja mteja mmoja. Shati limenyooshwa pasi hadi linakata, leso mkononi, na marashi, jamani, marashi ya kutosha harusi nzima. Chafya alipiga chafya hata kabla ya kumkaribisha.

"Afya, dada yangu," akasema kwa upole, akaketi, akalia. Anamtafuta mdogo wake wa kike, tumbo moja. Mama yao yuko hoi, anataka amwone binti yake. Huyo mdogo ni fundi cherehani, mkono wa kushoto umepinda.

"Umepinda na nini?"

"Alianguka utotoni, maskini."

Chafya akaingiwa na huruma. Akazunguka kwa mafundi na sketi yenye zipu aliyoiua mwenyewe, kila mmoja akimwambia, "Dada, hii wewe nunua nyingine." Hadi akapanda ghorofani kwenye karakana ya sare za shule, iliyojaa mafundi. Mkono uliopokea sketi ulikuwa umepinda.

"Njoo uichukue kesho asubuhi," fundi akamwambia.

Furaha ikampanda kichwani. Akamtumia mteja meseji: "Furahi kaka. Kesho asubuhi naongea naye." Mahali hakutaja. Akajiona mjanja!

Kesho yake akavuta kigoda karibu na cherehani, akanong'ona. "Unatafutwa na kaka yako. Mama yenu anaumwa."

Cherehani ikanyamaza. "Mama nilimzika mwenyewe. Kaka sina." Fundi akautazama mlango. "Ananukia sana? Analia na leso?"

"Ndiyo."

"Ni mume wangu. Huu mkono aliubana na mlango mpaka ukavunjika."

Chafya alihisi masikio yanawaka. Yaani yeye, na akili zake, kafanywa mbwa wa kunusa! Kwa machozi! Akataka kutukana, lakini pua ikaanza kumwasha. Akapiga chafya. Akapiga nyingine. Humo ndani kulikuwa na vitambaa na mafuta ya mashine tu, na jana hakuwashwa hata kidogo.

"Yuko kwenye ngazi," akasema. "Kanifuata mimi. Kuna mlango mwingine?"

"Wa stoo."

"Toka. Na usiniambie unaenda wapi."

Chafya akamkuta mteja wake katikati ya ngazi, anapanda taratibu, anatabasamu.

"Kazi nzuri, dada. Nipishe."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

"Mama yako, wewe! Umeshamsahau?"

Upole ukamtoka kama koti. Akamkaba shingo, akamgandamiza ukutani. "Yule ni mke wangu. Nitakuvunja na wewe."

Chafya alimpigia chafya usoni, nzima nzima, ikamwagika mpaka kwenye lile shati. Mtu na usafi wake, akamwachia ili ajifute. Alipoinua macho, mafundi wote walikuwa wamejaa juu ya ngazi, na mama mwenye karakana ameshika pasi ya moto.

"Baba, shati limekunjamana. Nikunyooshee?"

Akashuka kinyumenyume.

Chafya akaenda polisi moja kwa moja, alama za vidole zingali shingoni. Afisa akasikiliza, akapiga miayo. "Kwani si mkewe?" Hapo ndipo Chafya alipokasirika kuliko kule kwenye ngazi. Alipiga meza mpaka chai ya afisa ikamwagika, na hakuomba radhi.

Hadi leo hajui yule fundi yuko wapi. Watu wakimuuliza anajibu, "Sijui, na sitaki kujua," na sketi yake bado haina zipu.

Haya, zamu yenu. Kama una jina la aibu lililokuokoa, au kuna mtu alikulilia vizuri mpaka ukamfanyia kazi yake chafu, tuandikie hapo chini. Ila mahali usitaje.