Punje za Samawati

Rafiki yangu alifariki wakati kichocheo chake kikiwa bado ndani ya mtambo.

Tulikuwa tunasoma shahada ya uzamili pamoja, mimi mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mkumbi, yeye wa Ngumbo, kule chini ziwani. Wote wawili tulishughulika na salfa iliyomo kwenye dizeli, ile inayofanya moshi wa malori uwashe kifua. Alichukua punje nyeupe za alumina, akazilowesha kwa maji yenye chumvi za metali mbili, kobalti na molibdeni, akazikausha, kisha akazichoma kwenye tanuri mpaka zikawa za samawati. Punje hizo ndizo kichocheo. Dizeli ikipitishwa juu yake kwenye joto kali, pamoja na hidrojeni, salfa inajitenga na kutoka kama gesi inayonuka yai viza.

Siku aliyoziweka kwenye mtambo alipigiwa simu kwamba baba yake mdogo amefariki.

"Niangalizie, dada," aliniambia, akiwa tayari na begi begani. "Nikizika tu narudi."

Alizika. Alipokuwa akirudi, bodaboda iliyompandisha kutoka ziwani iliteleza kwenye matope ya kilimani, na hakufika hospitali akiwa hai. Dada yake ndiye aliyenipigia. Nilikuwa nabadilisha mtungi wa hidrojeni. Nilikaa chini, pale pale sakafuni, nikamsikiliza akilia, halafu nikasimama nikamalizia kuufunga mtungi, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Sikuuzima mtambo. Jaribio lilipokwisha, tukapima dizeli iliyotoka: salfa ilikuwa imekwisha karibu yote. Hakuna aliyewahi kupata majibu kama hayo maabarani kwetu. Mwalimu wetu aliyasoma, akayasoma tena, akatoka nje.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani Mkumbi, kisha nikateremka Ngumbo kuhani. Mama yake alikuwa ameketi barazani, na usipa, wale dagaa wa ziwani, umeanikwa uani.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Kisha akasema jambo kwa Kinyasa. Dada wa marehemu akanitafsiria huku akiona haya kidogo: "Mama anauliza, wewe pia unafanya kazi sheli?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote mama alikuwa akiwaambia majirani kuwa mwanawe anajaza magari mafuta mjini. Marehemu alimwambia anashughulika na mafuta ya magari, naye akaelewa hivyo.

Nikatoa kichupa chenye punje chache alizobakiza, nikamweleza. Nilisema hizi zinatoa uchafu kwenye mafuta ili watu wasivute moshi mbaya. Alimimina punje kiganjani, akazigeuza kwa kidole.

"Zinayeyuka humo kwenye mafuta?"

"Hapana, mama. Zinafanya kazi, zenyewe zinabaki."

"Na mafuta hayo yanafika huku?"

Ningeweza kumwambia yatafika. Lakini nchi yetu inaagiza mafuta yakiwa tayari yamesafishwa, na kutoka maabara mpaka kiwandani ni safari ndefu kuliko alivyodhani. Nikasema, "Bado, mama."

Dada mtu alipomtafsiria, alitikisa kichwa taratibu. "Basi alikuwa anawafanyia kazi watu asiowajua," akasema, sasa kwa Kiswahili, ili nimsikie mwenyewe. Akafunika uso kwa kanga. Tulilia wote watatu, mpaka jirani akaja kutupikia ugali.

Kichupa nilimwachia.

Niliporudi chuoni nilikiendesha tena kile kichocheo. Kwa muda kilifanya kazi vizuri, halafu kikaanza kuchoka. Kaboni ilikuwa imeziba vitundu vyake. Niliichoma kwa hewa ya moto, kikapata nafuu, kikachoka tena. Mwisho nikafungua mtambo na kuzitoa punje, nyeusi tii, zikivunjika mkononi.

Tangu hapo nimetengeneza nyingine mara nyingi. Vipimo ni vile vile alivyotumia, chumvi zile zile, tanuri lile lile. Rangi inatoka ya samawati nzuri kabisa. Lakini salfa nyingi inabaki kwenye dizeli. Kuna jambo alilolifanya, pengine jinsi alivyokoroga, pengine jinsi alivyosubiri zikauke, na mimi niliyekaa naye meza moja sikuwahi kulitazama.