Mnandi Asiye na Kichwa

Shangazi yangu hapendi kusifiwa. Ukimsifu anakutazama kama mtu aliyekuja kuomba kitu. Lakini leo nitamsifu, maana hayupo karibu kunizuia.

Anauza samaki mwaloni Jinja, mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Mwaka juzi alimkuta mnandi, yule ndege mweusi anayepiga mbizi, amekufa ukingoni. Alikuwa amenaswa na mfuko wa plastiki, ambao kwetu tunauita kavera. Akamzika mwenyewe, wenzake wakimcheka. Kisha akaanza kuokota makavera, kuyaosha, kuyakata vipande vyembamba na kuyasuka ukili, vilevile mama yake alivyosuka mikeka ya kuswalia. Baada ya miezi kadhaa alikuwa ameshona mnandi mkubwa kuliko mimi, mabawa wazi. Mimi ni mchora mabango, kazi ya mkono naijua nikiiona, na nasema wazi nilimwonea wivu. Katikati ya makavera meusi alichomeka machache ya buluu, hata jua likimpiga ungedhani ametoka majini sasa hivi.

Ila hakuwa na kichwa. Nikajiambia ni mambo ya dini, kwamba shangazi hataki kuumba sura ya kiumbe. Sikumuuliza. Ujuaji wangu huo.

Viongozi wa soko moja la Mbale, ninakoishi, walikubali tumtundike langoni wiki moja. Watu wakimpuuza, ashushwe. Shangazi alilitaka jambo hilo kuliko yote, kwa sababu kijito cha nyuma ya soko kilikuwa kimeziba kwa makavera, na ndege walikuwa wakidonoa humo humo.

Niliogopa watu watamdhania kikapu kibovu. Kwa hiyo mnandi alipotangulia kufika, shangazi akiwa bado Jinja, nikatengeneza kichwa chenye mdomo mrefu na macho ya vizibo vya soda, nikakishona. Kilipendeza, sisemi uongo. Siku tatu nzima watu walipita, wakasema ndege mzuri, wakaenda zao na makavera yao.

Siku ya nne shangazi akaja. Hakunigombeza. Aliomba kiti, akapanda, akatoa kisu chake cha samaki, akakata nyuzi zangu moja moja, akanikabidhi kichwa.

Askari polisi wa zamu pale langoni akasogea. "Mama, sasa hii ndege kichwa yake iko wapi?"

"Afande, mimi sikuona kichwa yake. Ilikuwa ndani ya kavera, imefungwa mpaka shingo. Nilizika yeye hivyo hivyo."

Mwanamke aliyebeba nyanya akasimama kumtazama mnandi, wa nyuma yake naye akasimama, mpaka lango likaziba. Hakuna aliyezungumza tena habari za kumshusha. Mimi nilikuwa pale kando, nimejaa aibu na fahari kwa pamoja, nimeshika kichwa changu cha vizibo na sijui nikiweke wapi.