Mwanasesere Aliyefukuliwa

Wauguzi walimwita Bi Kioo, kwa sababu sakafu aliyoipiga deki ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Alikuwa mfanya usafi katika kliniki ya watoto kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumkuta na ndoo chafu wala tambara linalonuka. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, magoti yake yalilia kila alipoinama, na ulimi wake haukuwa na breki. Watoto wake wanne aliwalea kama alivyosafisha: kila kitu mahali pake, na asiyekirudisha atakiona cha mtema kuni.

Pale kliniki kulikuwa na chumba kimoja alichokidharau waziwazi. Kilikuwa mwisho wa korido, kina mkeka, rafu ya wanyama wa plastiki, vigari, wanasesere, na sanduku pana la mchanga juu ya meza fupi. Humo alifanya kazi binti mmoja mwembamba, mtaalamu wa kuwatibu watoto kwa michezo. Watoto waliofikwa na makubwa waliletwa kwake, wakacheza, naye akakaa chini akiwatazama.

"Mimi nilicheza utoto mzima nikaambulia fimbo," Bi Kioo aliwaambia wenzake wakati wa chai. "Huyu amesomea chuo kikuu ili acheze. Kuishi kwingi ni kuona mengi!"

Wote waliangua kicheko, hata mtaalamu mwenyewe aliyekuwa akipita na kikombe chake.

Chumba kile kilikuwa zamu ya mwenzake. Mwenzake alipochukua likizo ya uzazi, Jumatatu asubuhi Bi Kioo akakabidhiwa ufunguo. Alifungua mlango akaguna. Sanduku la mchanga lilikuwa vurugu tupu: vijiti vimechomekwa huku na huku, kigari kimelala ubavu, kuku amesimama juu ya boksi la kiberiti, na katikati kilima cha mchanga kilichochomoza mkono wa mwanasesere. Pembeni palikuwa na karatasi: TAFADHALI USIGUSE. Bi Kioo aliisoma vizuri, akajiambia hiyo ni ya watoto. Tangu lini uchafu ukalindwa kwa karatasi?

Alimvuta mwanasesere kwa mkono, akamkung'uta, akamwosha kwa sabuni, akamweka rafuni na wenzake. Wanyama akawapanga kwa urefu. Mchanga akausawazisha kwa kibao mpaka ukawa kama shuka lililopigwa pasi. Akafunga mlango, roho yake nyeupe.

Saa nne alipita msichana wa miaka sita, ameshikwa mkono na shangazi yake. Bi Kioo alikuwa amewazoea. Mtoto yule hakuwa bubu, ila tangu ukuta wa nyumba yao uporomoke kwa mvua, miezi minne nyuma, hakuna aliyemsikia akitamka neno. Mlango wa mwisho wa korido ukamfunika. Halafu ikatoka sauti.

"Nani amemtoa mama?"

Korido nzima iliganda. Muuguzi alibaki na sindano mkononi. Shangazi, aliyebaki akisubiri kwenye benchi la korido, aliinuka. "Amesema," alinong'ona. "Jamani, amesema!"

"Nani amemtoa mama!"

Ndoo ilimponyoka Bi Kioo, maji yakatapakaa mpaka chini ya benchi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakuyakimbilia.

"Mama gani?" aliuliza.

"Mama yake alifukiwa na ule ukuta," shangazi alisema, macho yake kwenye mlango. "Majirani walichimba asubuhi nzima. Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa mkono. Mtoto alikuwa amesimama palepale. Tulimziba macho, tukamwambia mama amepelekwa hospitali, atapona. Hata mazikoni hatukumpeleka. Tulidhani tunamhurumia."

Bi Kioo alitazama mikono yake. Vidole vyake vilikuwa bado vinanukia sabuni.

Mtaalamu alitoka, akauegemea mlango. "Bi Kioo, ni wewe uliyesafisha?"

"Ni mimi. Nifukuzeni tu, mwanangu, sina la kujitetea."

"Hakuna anayekufukuza. Mimi ndiye niliyemwahidi kwamba hakuna atakayegusa, na sikuja kukwambia kwa mdomo wangu. Hilo nimeshamwambia. Lakini anataka kujua ni nani. Naomba uingie umwambie mwenyewe."

"Nimwombe radhi mtoto?"

"Ndiyo. Na umwambie kilichotokea, kama kilivyotokea."

Bi Kioo alijifuta mikono kwenye sare. Alikuwa na miaka hamsini na minane, amelea wanne, na neno "nisamehe" hajapata kulitamka mbele ya mtu anayeishia kwenye kiuno chake. Kwao mkubwa hakosi, hukosewa. Lakini aliingia.

Mtoto alikuwa amesimama mbele ya sanduku, mikono ndani ya mchanga mpaka kwenye viwiko, akitafuta. Bi Kioo alipiga magoti, yakalia kama kawaida yao.

"Ni mimi, mjukuu wangu. Nilimtoa mimi. Nilidhani nasafisha. Sikukuuliza, nikakuharibia. Nisamehe."

Mtoto alimtazama muda mrefu. "Ulimtoa kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Alikuwa anapumua?"

Bi Kioo alimgeukia mtaalamu, kama mtu anayezama anayetafuta kamba. Mtaalamu hakumtupia kamba yoyote. Alimtazama tu, macho yamejaa. Ungekuwa mdomo wa jana, ungesema ndiyo, anapumua, usilie, nyamaza.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hakuwa anapumua."

Mtoto aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Alikwenda rafuni, akamchukua mwanasesere, akamlaza mchangani chali, akamnyoosha miguu. "Shika hapa," aliamuru. Bi Kioo akashika. Walimfunika pamoja, kiganja kwa kiganja, bila kumwacha mkono nje. Kisha mtoto akaegemeza kichwa kwenye bega lile pana akalia, kilio cha miezi minne, mpaka kola ya sare ikalowa.

Baadaye mtaalamu aliongea na shangazi, na kwa ruhusa yake Bi Kioo akasikiliza. "Mtu mzima akifiwa hukaa na watu, akasimulia, akarudia," alisema. "Mtoto wa miaka sita hana maneno hayo. Maneno yake ni haya yaliyopo rafuni. Wiki tatu anamfukia na kumfukua, ili aone mwenyewe kile mlichomziba macho asikione. Leo ameuliza. Mkirudi nyumbani mjibuni."

Sio kwamba mtoto alipona siku ile. Alinyamaza tena wiki mbili, na shuleni akamng'ata mwenzake sikio. Lakini shangazi alimweleza ukweli wote, akampeleka kaburini. Kidogokidogo maneno yakarudi, na mwisho wa muhula alikuwa akicheza duka na watoto wa jirani, yeye ndiye muuzaji, tena muuzaji mkali anayewafokea wateja.

Bi Kioo ndiye aliyebaki hana amani. Jumapili moja alimpigia simu binti yake mkubwa, mwanamke wa miaka thelathini na tano sasa.

"Yule mwanasesere wako wa matambara," alianza bila hata salamu. "Niliyemtupa. Unamkumbuka?"

"Mama, una homa?"

"Nijibu."

"Nilimtafuta jalalani siku mbili," binti alisema.

"Siku mbili! Kwa tambara lile lililooza?"

"Halikuwa tambara. Alikuwa mdogo wangu."

"Mdogo wako yupi?"

"Yule uliyekwenda kumzaa hospitali ukarudi bila yeye. Hakuna aliyeniambia kitu, mama. Basi nikamshona."

Bi Kioo aliketi sakafuni, simu sikioni. Mtoto yule alikufa kabla ya kupewa jina, na kwa miaka ishirini na nane hakuwahi kumtaja kwa mtu. Alidhani ni yeye peke yake aliyembeba.

"Alikuwa wa kiume," alisema alipopata sauti. "Alikuwa na nywele nyingi kama zako."

"Nisimulie," binti alisema, na mama akasimulia mpaka simu ikaishiwa chaji.